Pakanga Isiyo ya Kwetu

Kituoni, 9 Aprili 1982

Nonna wangu,

Barua hii anakuletea mmoja wa wageni wetu waliokuja kututembelea kwa wiki moja. Ameapa hataifungua. Ukikuta bahasha imekunjamana, ujue ameikalia, maana kwenye chombo cha kushukia hakuna hata pa kuweka goti.

Leo ni siku ya sitini tangu turuke kuja angani. Mimi mzima. Uso umevimba kwa damu inayopanda kichwani na miguu imekonda, na Valerian anasema kamanda mwenye bahati mbaya kama yeye hajawahi kutokea, kupewa chura aishi naye miezi sita. Yeye mwenyewe hajambo, ila ameanza kuficha vitunguu saumu. Chombo cha mizigo kilituletea vichwa kumi na viwili, tukagawana sita sita. Sasa mimi nina viwili, yeye ana vitano. Nikimuuliza ananijibu kwamba hiyo ndiyo nidhamu ya jeshi. Mbaazi tulizopanda zimeota zikielekea kila upande kwa sababu hazijui juu ni wapi, nami siwezi kuzilaumu.

Sasa la maana. Mama. Wakati wa baridi moyo ulimsumbua, na unamjua, hata akizidiwa husema amechoka tu. Kijijini hakuna simu, na mimi huku nasikia kile ninachosomewa. Unawajua wale wa Kitengo cha Faraja. Watatupigia muziki, watatuletea mchekeshaji redioni, lakini habari mbaya haipandi huku, ndiyo desturi yao. Valerian alipokuwa angani mara ya kwanza, nyumba ya kaka yake iliungua, na aliambiwa siku ya tatu baada ya kushuka, akiwa anakunywa supu.

Ndiyo maana sikuwaomba wao. Nilikuomba wewe, siku ya kuondoka, tulipokaa kimya juu ya sanduku kama kawaida ya msafiri. Nilikuambia: Mama akianguka, niambie. Ukasema utaniambia hata wakufukuze mlangoni. Mwezi wa nane watakuja wageni wengine, na mhandisi wa akiba, Demyan, anaweza kubaki nafasi yangu, mimi nikashuka. Wakubwa wanataka nikae mpaka Oktoba tuvunje rekodi ya siku. Jibu watalitaka tarehe kumi Julai. Rekodi naitaka, sitakuficha. Lakini Mama akiwa mgonjwa nitashuka Agosti, na sitajiuliza mara mbili.

Tawi la pakanga, ule mmea mchungu, alilonipa Mama bado liko mfuko wa kifuani. Wale wa nyikani, tunakorukia, walitupa kila mtu tawi lao kabla ya kupanda chombo, kama wanavyofanya siku zote, lakini lile nililitupa wiki ya kwanza. La Mama lina jani pana, jeupe chini, na linanuka moshi kwa sababu analikausha kwenye bafu la mvuke. Huku hakuna harufu nyingine ila ya plastiki na ya Valerian.

Wako,
Gleb


Kambini, 2 Mei 1982

Gleb,

Barua nimeipata ikiwa imekunjamana kabisa, kwa hiyo ameikalia.

Nimekuona kwenye televisheni ukiogelea hewani na kijiko mdomoni. Walimu wenzangu wote shuleni wamekuwa ndugu zako ghafla. Hata yule wa hesabu, aliyesema mbele yangu kwamba mume wangu atakufa akiwa mwanaanga wa akiba, bila kuruka, sasa ananishikia mlango. Nampita bila kumtazama, na utamu wake siwezi kukueleza.

Mama yako nilimtembelea wakati wa sikukuu. Hajambo. Alinipikia mkate wa kabichi, halafu akaniambia nimekonda, halafu akaniambia ninakula sana. Nilikata kuni, akaenda nyuma yangu akazipanga upya. Barua yake naiambatisha, ameiandikisha kwa jirani yake Glafira kama kawaida, na pakanga imo.

Ahadi ninaikumbuka. Usiniulize tena redioni mbele ya watu, nitaonekana mke asiyeaminika.

Nonna


Kijijini, 30 Aprili

Gleb mwanangu,

Anayeandika ni Glafira, kwa hiyo makosa ni yake na maneno ni yangu.

Mimi nipo. Theluji imeyeyuka, barabara imekuwa tope, gari la maziwa limezama hapo kwa daraja na wanaume sita wamesimama kulitazama. Mbuzi amezaa majike mawili. Mmoja nimemwita Nonna, kwa sababu hali mpaka abembelezwe. Usimwambie.

Glafira anataka nikuulize kama umewaona malaika. Nimemwambia barua hizi zinasomwa na wakubwa, asitutie aibu.

Godoro la manyoya nimelianika. Ukija Agosti utalala karibu na jiko, nitakupashia bafu kila siku mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Kama hutakuja Agosti, utakuja Oktoba. Mimi nitakuwepo, sina safari. Lakini utakaloamua uniambie wewe, kwa neno lako. Nisije nikasikia habari za mwanangu kwenye redio ya dukani nikiwa nimeshika debe la mafuta ya taa.

Pakanga ni ya nyuma ya bafu, ya mwaka jana. Mpya bado haijaota.

Mama


Kambini, 1 Julai 1982

Kwako Nonna Sergeyevna,

Nimepata habari kwamba umerudi jana kutoka kijijini, nami nakupa pole kwa dhati. Kiharusi katika umri wa mama mkwe wako ni jambo zito. Hata hivyo daktari wa wilaya ananieleza kwamba hali imetulia, na wagonjwa wa namna hiyo wamewahi kuishi miaka.

Unasema mama anamwita mwanawe. Mama gani asingemwita? Lakini tufikiri pamoja. Gleb Tikhonovich yuko angani, na chombo cha kumrudisha ni cha katikati ya Agosti. Tukimwambia leo, atakaa wiki sita akiwa na mzigo huo kifuani, ndani ya bomba lenye urefu wa mabehewa mawili, huku akishika mitambo ambayo kosa moja linaua watu wawili. Desturi yetu hatukuitunga kwa ukatili.

Tena Demyan hayuko tayari, nakuambia kwa siri. Tunahitaji Gleb Tikhonovich akubali kukaa. Na atakubali ikiwa moyo wake utakuwa mwepesi kuhusu mama.

Chombo cha mizigo kinaruka tarehe tano. Barua ya mama, fupi, ya kumtia nguvu, ingefaa sana. Mama haandiki mwenyewe, kwa hiyo mwandiko si tatizo.

Wako kwa heshima,
Daktari L. A. Shubin
Kitengo cha Faraja


Kambini, 2 Julai 1982

Daktari Shubin,

Niliapa mbele ya mume wangu. Jibu ni hapana. Na kama hamtamwambia ninyi, Jumapili nitamwambia mimi redioni.

N. S. Ladygina


Kijijini, 4 Julai

Gleb mwanangu,

Leo anayeandika ni Nonna, amekuja kunisaidia na bustani. Makosa ni yake na maneno ni yangu.

Mimi ni mzima, usinifikirie. Viazi vimetoa maua. Nimesikia wanataka ukae mpaka Oktoba. Kaa, mwanangu. Miaka kumi na moja umengoja, kazi ya nusu haina maana. Mimi sina ninachokosa, nina mbuzi, nina Glafira, nina jiko. Ukiacha kazi kwa ajili yangu ndipo nitakapougua kwa aibu. Maliza, kisha uje na uso mweupe mbele ya watu.

Pakanga nimekuwekea, ya mwaka huu.

Mama


Kijijini, 20 Julai 1982

Binti Nonna,

Mimi si mtu wa kuandika barua ndefu na wewe unajua, lakini nimeona nikueleze.

Mkweo Ustinya yupo, hali si ya kuishi wala ya kufa. Mkono wa kulia umekufa kabisa. Mdomo umekwenda upande, ila ukimzoea unamwelewa. Asubuhi anasema Gleb. Namlisha uji, anasema Gleb. Amenilazimisha nishushe godoro la manyoya nilitandike karibu na jiko, tena nimelitandika mara tatu kwa sababu hakupenda mikunjo. Likipita gari lolote anageuza macho dirishani. Juzi lilikuwa lori la mbolea.

Uliniambia mwenyewe, ukiwa umesimama hapo mlangoni na begi, kwamba Gleb ataambiwa na Agosti atashuka. Ameambiwa? Amesema nini? Daktari wa wilaya anasema labda mwezi, labda miwili. Mgonjwa halali vizuri, anangoja tu, na kungoja kunammaliza kuliko ugonjwa. Mtumieni neno moja la mwanawe, lolote, atulie.

Mbuzi ninawakamua mimi. Maziwa nauza, hela naweka kwenye kopo lake.

Glafira


Kituoni, 10 Agosti 1982

Nonna,

Wageni wanashuka keshokutwa, nami nabaki, kama ulivyosikia. Demyan, aliyekuja nao, alipoambiwa habaki na kiti changu bali anarudi na chake, alifurahi kuliko mimi, akanipa pakiti zake tatu za jibini. Valerian ameshaziona, kwa hiyo nazihesabu mbili.

Mwambie Mama kwamba barua yake ndiyo iliyoamua. Siku ile ya kutoa jibu nilikuwa nimeshakata shauri kushuka. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Nikaisoma barua mara nne nikielea pale dirishani, nikawapigia nikawaambia nakaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuona kwenye skrini ukisema Mama hajambo, ukatazama pembeni, nikawa na wasiwasi kidogo, lakini barua ikaniondolea.

Kuna kitu kimoja lakini, na usinicheke. Pakanga. Nimeinusa nikasema labda pua imeharibika huku. Nimempa Valerian anuse, akasema pakanga ni pakanga. Nikatoa lile tawi la zamani nikaziweka pamoja. Nonna, hii ya Julai ina jani dogo, la kijivu, limechanika kama uzi. Haina moshi hata kidogo. Inanuka ile nyika tunakorukia. Nimeinusa kule mara nne maishani mwangu, mara tatu nikiwa wa akiba nikiwatazama wenzangu wakipanda, na siwezi kuichanganya na ya kwetu.

Nani aliweka tawi hili? Labda la Mama lilipotea njiani na watu wema wakatia jingine. Valerian anasema mtu aliyekaa siku mia na themanini angani huanza kufanya upelelezi wa majani. Nijibu tu, nilale.

Gleb


Kambini, 27 Agosti 1982

Gleb,

Valerian anasema kweli, umekuwa mpelelezi. Tawi la Mama lilivunjika likawa unga kwenye bahasha, na kijana mmoja wa kule nyikani, mwenye huruma, akatia jingine ili usikose. Ndiyo hayo tu.

Nimerudi kutoka kijijini juzi. Mitofaa imezaa sana mwaka huu, matawi yanagusa chini. Mama anakusalimu. Amechoka siku hizi, sauti imemkauka, kwa hiyo hakuandikisha barua, na pakanga sikuweka ili usije ukaifanyia uchunguzi. Nimekutumia soksi na kitunguu saumu, vichwa vinane, na kila kimoja nimekiandika jina lako kwa wino ili kamanda aone haya.

Zimebaki wiki sita tu. Fanya mazoezi, ule.

Nonna


Kituoni, 28 Septemba 1982

Nonna,

Barua hii haina wa kuipeleka. Nitashuka nayo mwenyewe kifuani.

Jana, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa kwenye mashine ya kukimbilia, mikanda mabegani. Mkanda mmoja ukakatika kabla ya muda, nikajivuta kwenda kuchukua mwingine. Valerian alikuwa dirishani amenipa mgongo. Mbele yake alikuwa amebandika mrija wa maji ya beri kwenye ukuta, na juu ya mrija ameweka kipande cha mkate mweusi, amekifunga kwa mpira ili kisielee. Ameinama mbele yake, mikono ameikunja.

Wewe na mimi tumelelewa mahali pamoja. Glasi iliyofunikwa mkate huwekewa marehemu, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nikamuuliza, ni ya nani, Valerian Stepanovich? Akaruka akagonga kichwa. Akasema ni ya rafiki wa zamani. Nikamwambia kumbukumbu ya rafiki wa zamani haifichwi. Akautazama ule mkate kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani, kisha akasema, "Ya mama yako, Gleb. Leo arobaini yake. Niliona vibaya ipite hivi hivi."

Alikuwa anajua tangu siku ya pili baada ya kifo. Waliingia redioni nikiwa nimelala, wakamwambia na wakamwamuru. Siku arobaini amekula na mimi, amenitania kuhusu kitunguu, amenikata nywele. Sikumpiga. Huku ukimpiga mtu wote wawili mnarushwa nyuma. Nililia, na machozi huku hayaanguki, yanakaa jichoni kama kipande cha kioo mpaka uyafute. Valerian akanipa taulo yake. Tukaugawana ule mkate.

Kisha nikaanza kuhesabu. Arobaini kurudi nyuma ni kumi na tisa Agosti. Wageni walishuka kumi na mbili. Wiki nzima, Nonna. Ningebebwa kwa machela, tungelala pale kwa jiko wagonjwa wawili, lakini ningekuwepo.

Nimesema labda alikufa ghafla, labda hukujua. Halafu nimeitoa pakanga ya Julai. Mama hakuichuma hii. Kwa nini mtu mwenye pakanga nyuma ya bafu lake, aliye mzima, mwenye bustani yenye maua ya viazi, asichume? Tarehe nne Julai Mama alikuwa na hali gani? Na yale maneno ni ya nani?

Sikuulizi redioni. Redioni nitacheka kama walivyozoea. Utanijibu nikishuka.

Gleb


Kambini, 14 Oktoba 1982

Gleb,

Wauguzi wamenirudisha mlangoni. Wamesema umetoa barua yako kifuani ukawapa wanipe, na kwamba mimi hutaki kuniona. Basi nakuandikia nikiwa kwenye benchi la ukumbini, kuta tatu kutoka kitandani kwako.

Maneno ni yangu. Yote, kuanzia viazi mpaka uso mweupe.

Alianguka ishirini na sita Juni. Nilikwenda nikakaa naye siku tatu. Siku ya mwisho alinishika mkono kwa ule mzima akasema, "Mwambie aje." Mdomo ulikuwa umekwenda upande, lakini nilimsikia vizuri, siwezi kusema sikumsikia. Nikamwambia nitakuambia. Nilimwambia Glafira pia. Niliporudi Shubin akaniandikia, nikamjibu hapana.

Jioni yake akaja nyumbani. Hakunitisha, angenitisha ningemfukuza. Aliketi jikoni akaniuliza nimekuona mara ngapi ukirudi kutoka nyikani na begi lisilofunguliwa. Mara tatu, Gleb. Mara ya mwisho ulikaa na koti mwilini na kofia kichwani mpaka chai ikapoa, nikakuvua viatu mimi. Akasema mtu anayeshuka katikati ya safari kwa sababu za nyumbani hapandishwi tena, na mgonjwa huenda akaishi. Mimi nikaishika ile huenda kwa mikono miwili. Nilijiambia atangoja mpaka Oktoba, yule mwanamke ni mgumu, ameshangoja vita, ameshangoja njaa.

Na nikueleze na lisilopendeza. Nilichoka kuwa mke wa akiba. Nilitaka siku moja jina lako lisomwe pamoja na walioruka na kumaliza na mimi niwe nimesimama hapo.

Niliandika barua kwa dakika kumi, ndicho kinachonitisha, jinsi ilivyokuwa rahisi. Sauti yake ilikuja yenyewe. Nikamwambia Shubin hutaamini bila pakanga, na kijijini siwezi kurudi kwa wakati. Akasema hilo ni dogo, kule nyikani pakanga ni ya kufagia. Nikakumbuka kwamba wewe utaijua. Nikanyamaza. Sijui mpaka leo kwa nini nilinyamaza, labda nilitaka unikamate.

Hayo ndiyo yote. Sina lingine nililokuficha. Nilikudanganya wewe, na wewe u hai, na mtu aliye hai anaweza kukasirika mpaka akachoka. Nitangoja uchoke.

Nonna


Kijijini, 6 Novemba 1982

Nonna,

Nimefika na fimbo mbili na dereva wa kambi aliyenibebea mabegi. Glafira hakunifungulia. Nilisimama kwenye uzio wake nikimwita shangazi Glafira, shangazi Glafira, naona pazia linatikisika. Mwishowe akatoka na ndoo, akanipita, akaenda kuwakamua mbuzi wa Mama. Aliporudi akasema bila kunitazama, "Umepata nafasi sasa?"

Sikuelewa. Nikadhani ni hasira ya kijiji, mtu hakuja kuzika mama yake, wana haki. Nikamweleza kwamba sikuambiwa. Akaweka ndoo chini, akasema, "Usiniletee uongo, Gleb, mimi ndiye niliyemsomea."

Akanipeleka ndani kwa Mama. Nyuma ya ile picha takatifu ya pembeni, mahali anapoweka vyeti vyangu vya shule, ilikuwepo telegramu. Imetoka posta ya kambi yetu, ishirini na nne Julai. Nainakili hapa ili usiseme sikuisoma sawasawa.

MAMA SITAWEZA KUJA KAZI HAIRUHUSU USINISUBIRI GLEB

Glafira anasema alifurahi ilipofika, maana alikuwa amekuomba neno kutoka kwangu ili mgonjwa atulie. Akaisoma kwa sauti. Mama akamwambia aisome tena. Akaisoma tena. Mama akaonyesha kwa mkono ule mzima lile godoro la manyoya karibu na jiko, akasema lirudishwe darini. Baada ya hapo hakusema jina langu wala hakutazama dirisha, ingawa magari yalipita. Kweli alitulia. Aliishi mpaka sikukuu ya matofaa, kumi na tisa Agosti, akitazama ukuta, na wanawake walipomletea tofaa la kubarikiwa alisema wampe mbuzi alile.

Nimejaribu kukutetea. Nimekaa hapa siku tatu nikikutetea kama wakili. Barua yako kwangu nimeielewa, hata kuisamehe ningeweza, kwa kuwa ulinidanganya kuhusu kitu nilichokitaka mwenyewe. Pakanga nimeielewa. Nafikiri hata telegramu hii niliielewa: ulitaka alale. Uliombwa atulizwe, ukajua neno gani litamtuliza mwanamke mgumu, ukalipata kwa dakika kumi kama lile la kwanza.

Lakini mimi nitakuwa hai miaka mingine, nitakasirika na nitachoka kama unavyosema. Yeye hana tena muda wa kuambiwa kwamba si mimi. Alinisihi kitu kimoja tu mwezi wa nne, uamuzi wangu nimwambie mimi, kwa neno langu. Akapata neno, likiwa na jina langu chini. Amelala pale nyuma ya kanisa akijua kwamba mwanawe aliulizwa, akasema hapana.

Na wewe uliandika ukiwa kwenye benchi, kuta tatu kutoka kwangu, kwamba huna lingine ulilonificha.

Nimepasha bafu. Nimechuma pakanga nyuma yake, imeshapigwa na baridi, imekauka yenyewe. Nimeweka tawi moja kaburini kwake na moja nitampelekea Valerian, naye ajue tofauti. Lile la nyikani nimeliweka ndani ya bahasha hii, ni mali yako. Vitu vyangu kambini mpe Demyan, atajua la kufanya. Mimi nabaki hapa na mbuzi, akiwemo yule mwenye jina lako.

Usinitumie barua, sitajibu. Na siku ukihitaji barua kutoka kwangu, kaa mezani uiandike, kazi hiyo unaijua.

G. Ladygin